Amplifaya ya Cardiff na harmoniki iliyoachwa hai

Wahandisi wa Cardiff walijenga amplifaya, kifaa cha kukuza nguvu ya ishara ya redio, wakilenga bendi ya 1.5 hadi 2.5 GHz. Amplifaya ilipowekwa mezani na kupimwa, bendi yake ikawa 1.35 hadi 2.25 GHz. Ufanisi, yaani sehemu ya umeme inayogeuka ishara, ulikuwa wa kupendeza, kati ya asilimia 60 na 70 toka ukingo mmoja wa bendi hadi mwingine, na nguvu iliyotoka ilikuwa karibu wati 10. Lakini bendi ilikuwa imeteremka, na waliolenga 2.5 GHz hawakuifikia.

Hicho ndicho kisa ninachokichambua hapa. Amplifaya yenyewe ni ya mawimbi ya maikrowevu, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, na Peter Wright akiwa na Jonathan Lees, Johannes Benedikt, Paul Tasker na Steve Cripps. Matokeo ya kwanza yaliwasilishwa Boston mwezi Juni 2009. Desemba mwaka huo huo wakachapisha maelezo kamili, pamoja na amplifaya ya pili iliyorekebisha kasoro ya ile ya kwanza. Nimekichagua kwa sababu kazi ya kudhibiti harmoniki (masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya masafa ya msingi) inaonekana humo waziwazi kuliko kisa kingine chochote ninachokijua, na pia kwa sababu bendi waliyokuwa wakiihangaikia tunaishi nayo. Minara yetu mingi ya simu hurusha kwenye 1805 hadi 1880 MHz na kwenye 2110 hadi 2170 MHz. Redio mbili, amplifaya mbili, mapezi mawili ya kupozea. Amplifaya moja yenye ufanisi kwenye bendi yote ingeweza kubeba kazi zote mbili.

Na ufanisi huu si suala la maabara tu. Chukua amplifaya inayotoa wati 10. Ikiwa na ufanisi wa asilimia 40, inavuta wati 25 za umeme na wati 15 zinabaki ndani kama joto. Ufanisi ukipanda hadi asilimia 65, inavuta wati 15.4 na joto linashuka hadi wati 5.4. Nguvu inayokwenda antena ni ile ile, lakini joto limepungua karibu mara tatu. Mnara ulio mbali na gridi, unaolishwa na jenereta ya dizeli na betri, hulipia joto hilo mara mbili: kwanza kwa mafuta yaliyolizalisha, halafu kwa mafuta ya kuliondoa. Aliyewahi kuweka kiganja kwenye mapezi ya redio saa nane mchana anajua ninachosema.

Zamu za volti na mkondo

Transista ya nguvu hupata joto pale mkondo unapopita ndani yake huku volti zikiwa bado zipo kati ya dreni na sosi, zile ncha zake mbili ambazo mkondo hupita kati yake. Mkondo ukipita volti zikiwa sifuri, hakuna joto. Volti zikiwa juu mkondo ukiwa umekatika, hakuna joto vilevile. Kwa hiyo ufanisi ni habari ya zamu: mmoja aingie mwenzake akiwa ameshatoka, kama mlinzi wa usiku na wa mchana. Ule muda wanaokutana getini ndio unaogeuka joto.

Umbo la wimbi ndilo linaloamua zamu hizo, na umbo la wimbi ni harmoniki. Transista ikiwekwa iwe inawaka nusu ya mzunguko tu, ishara ya 2 GHz ikiingia, mkondo unaotoka hauna 2 GHz peke yake. Una pia 4 GHz, 8 GHz na kuendelea, upende usipende. Lakini volti zitakazotokea kwenye kila harmoniki hutegemea mzigo ambao harmoniki hiyo inakutana nao. Hapo ndipo mbunifu anaposhika kalamu. Akichagua impidansi, yaani ukubwa na tabia ya mzigo, ya 2 GHz, ya 4 GHz na ya 6 GHz, anakuwa amechora umbo la volti.

Daraja B, yaani mpangilio huu wa kuwaka nusu ya mzunguko, tulilofundishwa sote darasani, lina ukomo wa asilimia 78.5, yaani pai kugawanya kwa nne. Jambo ambalo aghalabu halisemwi ubaoni ni kwamba namba hiyo inadai harmoniki zote zipigwe shoti (zikutane na mzigo wa omu sifuri) kwenye dreni, ili volti zibaki wimbi safi. Anayejenga amplifaya bila kujali 4 GHz inakutana na nini, hajajenga daraja B, hata kama bayasi ya geti, zile volti zinazoamua transista iwake lini, ni ya daraja B.

Hatua iliyofuata ni ya zamani pia. Mwaka 1958 V. J. Tyler alieleza kwenye jarida la kampuni ya Marconi amplifaya ya aina ambayo leo tunaiita daraja F. Harmoniki ya pili inapigwa shoti, ya tatu inaachwa wazi. Harmoniki ya tatu ikipata volti sawa na moja ya tisa ya volti za msingi, na ikaja katika awamu inayofaa, inabonyeza vilele vya wimbi hadi vinakuwa bapa. Vilele vikiwa bapa, unapata nafasi ya kuongeza volti za msingi kwa moja ya nane kabla wimbi halijagusa sakafu. Ufanisi unapanda kutoka 78.5 hadi 88.4. Ukiisogeza harmoniki ya tatu hadi moja ya sita, unafika 90.7. Ni hesabu nzuri sana, na kwa masafa mamoja inafanya kazi.

Tatizo ni hayo masafa mamoja. Njia ya kawaida ya kuipiga shoti harmoniki ya pili ni kijitawi cha shaba chenye urefu wa robo ya wimbi, kilichounganishwa na ardhi kwenye ncha ya mbali. Kwa 2 GHz kijitawi hicho kina nyuzi 90 (wimbi zima likiwa nyuzi 360), nacho huonekana kama hakipo. Kwa 4 GHz kina nyuzi 180, na huonekana kama shoti kamili. Kinavutia. Sasa teremsha ishara hadi 1.5 GHz. Harmoniki ya pili imehamia 3 GHz, na kwenye 3 GHz kijitawi kile kina nyuzi 135. Tanjenti ya 135 ni −1. Kama kijitawi ni cha omu 50, harmoniki ya pili haioni shoti tena, inaona −j50 (j huashiria riaktansi, ule upinzani wa kapasita au indakta usiomeza nguvu: hasi ni kapasita, chanya ni indakta). Panda hadi 2.5 GHz, harmoniki iko 5 GHz, nyuzi 225, inaona +j50. Kati ya 1.5 na 2.5 shoti imegeuka kapasita upande mmoja na indakta upande mwingine. Kwa miaka mingi wabunifu waliliona hilo kama sababu ya kukata tamaa: ama ufanisi, ama upana wa bendi.

Mabano mawili

Kundi la Cardiff lilishika njia nyingine. Cripps alikuwa amekwisha kuitaja daraja J kwenye maandiko yake ya 2006, na mwaka 2009 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba daraja B na daraja J ni ncha za familia moja isiyokatika. Familia yote imebebwa na mstari mmoja:

v = V (1 − cos θ)(1 − α sin θ)

Hapa v ni volti za dreni, V ni volti za kulishia, θ ni pembe ya mzunguko, na α ni namba anayoichagua mbunifu. Mkondo umebaki nusu-wimbi la daraja B. Mabano ya kwanza ni volti za daraja B kama tulivyozizoea. Mabano ya pili ndiyo mageni. α ikiwa sifuri, mabano hayo yanakuwa moja na tumerudi nyumbani. α ikisogea hadi 1, au hadi −1, umbo la volti linabadilika sana, linainama upande mmoja na kilele chake kinapaa, lakini halishuki chini ya sifuri hata mara moja, kwa kuwa hakuna bano hata moja kati ya hayo mawili linaloweza kuwa hasi.

Sasa yafungue mabano. Unapata moja, toa cos θ, toa α sin θ, ongeza nusu ya α sin 2θ. Itazame ile sehemu ya cos θ. Ndiyo inayokwenda pamoja na mkondo na kubeba nguvu hadi antena, na α haijaigusa. Nguvu ni ile ile. Umeme wa DC unaovutwa ni ule ule. Ufanisi ni ule ule wa asilimia 78.5, kwa α yoyote kati ya −1 na 1. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilichukua karatasi nikafungua mabano mwenyewe, halafu nikayafungua tena, maana ilikuwa vigumu kuamini kwamba kitu kilichokuwa mbele ya macho ya kila mtu kilisubiri hadi 2009 kuandikwa hivyo.

Ukiigeuza kuwa impidansi, mzigo wa msingi unakuwa R(1 + jα), na mzigo wa harmoniki ya pili unakuwa −j1.18αR, ambapo R ni ukinzani ule wa daraja B. Hiyo 1.18 ni mara tatu ya pai kugawanya kwa nane. Kwa maneno ya kawaida: harmoniki ya pili inaruhusiwa kuona riaktansi, mradi mzigo wa msingi nao usogee kwa kiasi kinacholingana, kuelekea upande wa pili. Mbunifu aliyekuwa akitafuta nukta moja kwenye chati ya Smith, ramani ya impidansi, sasa anatafuta njia, na kila mahali kwenye njia hiyo ufanisi ni mmoja.

Rudi kidogo kwenye kijitawi chetu cha robo ya wimbi. Kwenye 1.5 GHz kilimpa harmoniki −j50. Na mzigo wa msingi, kwenye 1.5 GHz hiyo hiyo, kilimpa nini? Nyuzi 67.5, yaani +j121 sambamba na mzigo. Hasi juu, chanya chini, kama familia inavyotaka. Kiasi hakilingani, ni kweli, na saketi nzima lazima ipangwe upya ili kilingane, lakini mwelekeo ni sahihi. Kile tulichokihesabu kuwa ni kasoro ya kijitawi kilikuwa kinaelekea kwenye jibu.

Pikofaradi moja

Sasa tuweke namba, maana hapa ndipo kisa kinaponoga. Cardiff walitumia transista ya galiamu nitraidi ya wati 10 inayouzwa kwa yeyote. Transista za aina hiyo hulishwa kwa volti 28. Tuseme volti 4 za mwisho hazitumiki, kwa sababu transista haiwezi kufika sifuri huku ikipitisha mkondo mkubwa. Na tuseme kilele cha mkondo ni ampea 1.5. R inakuwa mara mbili ya 24 kugawanya kwa 1.5, yaani omu 32.

Chukua α iwe 1, ile ncha inayoitwa daraja J kamili. Mzigo wa msingi ni 32 + j32. Mzigo wa harmoniki ya pili ni −j38. Kama kitovu cha bendi ni 2 GHz, harmoniki iko 4 GHz. Kapasita gani ina omu 38 kwenye 4 GHz? Ni ya pikofaradi moja na nukta.

Na transista ya wati 10 ya galiamu nitraidi ina kapasitansi gani yenyewe kati ya dreni na sosi? Pikofaradi moja na kidogo.

Maisha yote ya ufundi huu tumeihesabu kapasitansi hiyo kuwa gharama. Tumeifuta kwa indakta, tumeizunguka, tumeilalamikia. Kwenye daraja J mzigo wa harmoniki ya pili umo ndani ya transista tayari, umewekwa na kiwanda, na kazi ya mbunifu ni kuhakikisha saketi ya nje haiuharibu, kisha kuupa mzigo wa msingi riaktansi inayolingana nao.

Uzuri mwingine uko kwenye mkondo. Nusu-wimbi kamili halina harmoniki ya tatu hata chembe. Lina ya msingi, ya pili, ya nne, ya sita. Daraja F linalotegemea harmoniki ya tatu inabidi liipate kwa kuisukuma transista hadi volti zigonge sakafu na mkondo uharibike umbo. Daraja J linatumia harmoniki ya pili ambayo nusu-wimbi limekuja nayo kwa wingi. Halihitaji kusukumwa hivyo. Ndiyo maana kundi la Cardiff liliweza kudai, pamoja na ufanisi na upana, kwamba upotofu wa ishara ulibaki katika kiwango ambacho vifaa vya kusahihisha ishara mapema vinaweza kukimudu. Kwa mnara wa simu hilo ni sharti. Amplifaya yenye ufanisi mkubwa inayomwaga uchafu kwenye chaneli ya jirani haina kazi.

Shoti ya nje si shoti ya ndani

Kabla ya kurudi kwenye bendi iliyoteremka, kuna jambo moja ambalo huwakwamisha wengi, na bila hilo kosa la amplifaya ya kwanza halieleweki. Impidansi zote nilizotaja ni zile zinazoonekana mahali mkondo unapozaliwa, ndani kabisa ya kipande cha galiamu nitraidi. Mbunifu hafiki hapo. Yeye anaishia kwenye ulimi wa pakiti. Kati yake na chanzo cha mkondo kuna nyaya nyembamba za dhahabu, ulimi wa chuma, na kapasitansi ile ya dreni.

Tuseme indaktansi ya nyaya na ulimi ni nusu nanohenri, na kapasitansi ya dreni ni pikofaradi 1.2. Mbunifu anaweka shoti kamili ya 4 GHz kwenye ulimi wa pakiti na kuona kazi imekwisha. Ndani, nusu nanohenri ni +j12.6 na kapasita ni −j33. Zikiwa sambamba, chanzo cha mkondo kinaona +j20. Si shoti hata kidogo. Sasa afanye vivyo hivyo kwa 6 GHz: nyaya ni +j18.8, kapasita ni −j22, na sambamba inatoka +j128. Yaani ameipiga shoti harmoniki ya tatu nje, na ndani inaonekana karibu wazi. Aliyedhani anajenga saketi ya kuzima harmoniki zote amejenga kitu kinachokaribia daraja F, bila kujua. Wapo waliopata ufanisi mzuri kwa njia hiyo na wakashindwa kuurudia kwenye kundi jingine la transista, kwa sababu hawakujua ulitoka wapi.

Bendi iliyoteremka

Turudi sasa. Walilenga 1.5 hadi 2.5. Wakapata 1.35 hadi 2.25. Gawanya 1.35 kwa 1.5, unapata 0.9. Gawanya 2.25 kwa 2.5, unapata 0.9.

Kingo zote mbili zimeteremka kwa uwiano mmoja. Upana kwa kulinganisha na kitovu haujapungua, ni asilimia 50, ule ule waliolenga. Kwangu mimi hilo linasema mengi. Kama kosa lingekuwa kwenye dhana ya daraja J, ukingo mmoja ungeanguka kabla ya mwingine, au ufanisi ungechimbika katikati. Haikuwa hivyo. Amplifaya yote ilifanya kazi kama ilivyopangwa, ila kwenye saa iliyo nyuma kwa asilimia 10. Ukisoma kwa hesabu ya indakta na kapasita, masafa yakishuka hadi 0.9 ni sawa na zao la indaktansi na kapasitansi kuwa kubwa kuliko lililodhaniwa kwa asilimia 23. Huo ni usomaji wangu wa namba zao, lakini unakubaliana na kile kila mtu wa kazi hii amekutana nacho: usanifu wa kwanza ulitegemea nadharia na modeli ya kompyuta, na kompyuta inaijua transista kwa kadiri ilivyoelezwa. Sehemu ya kumi ya pikofaradi hapa, sehemu ya kumi ya nanohenri pale, na bendi inahama.

Wengi wangekata vijitawi vifupi kidogo kwa kisu, wakapandisha bendi na kuandika ripoti. Kwa kuteremka kwa uwiano mmoja kama huku, huenda hata ingefaa. Lakini kundi la Cardiff lilikuwa na kifaa ambacho maabara chache zilikuwa nacho, na walikirudia.

Kifaa hicho hupima umbo la volti na umbo la mkondo kwenye transista inayofanya kazi kwa nguvu kamili, pamoja na harmoniki zake. Wakati huo huo hukupa uhuru wa kuiwekea kila harmoniki mzigo wowote unaoutaka. Mzigo wa kawaida wa maabara, wa chuma na skrubu, hauwezi kufanya hivyo vizuri. Wimbi la harmoniki hutoka kwenye transista, hupita kwenye kebo na viunganishi, hugonga mzigo, hurudi. Njiani linapoteza nguvu, na likifika nyumbani linaonekana kama limekutana na ukinzani hata kama mwisho wa kebo kuna shoti kamili. Njia ya Cardiff ni kulirudisha wimbi kwa makusudi: chanzo kingine cha ishara kinatuma kwenye transista wimbi la 4 GHz lenye ukubwa na awamu iliyochaguliwa, na transista haina namna ya kujua kama wimbi hilo limeakisiwa au limetengenezwa. Yenyewe inauona mzigo tu. Kisha mkondo unaomezwa na kapasitansi ya dreni unatolewa kwa hesabu, na kinachobaki kwenye skrini ni mkondo wa chanzo chenyewe.

Unapoona nusu-wimbi la mkondo na volti zilizoinama zikipokezana zamu kwenye skrini, hubahatishi tena. Unajua α ni ngapi. Unajua kapasitansi ni ngapi. Unajua ni wapi ufanisi unaporomoka na kwa kiasi gani, kwa 1.4 GHz, kwa 1.8, kwa 2.2, kwa 2.6, kabla hujakata hata kipande kimoja cha shaba.

Amplifaya ya pili ilisanifiwa hivyo. Ilitoa 39 dBm, karibu wati 8, kutoka 1.4 hadi 2.6 GHz. Kitovu ni 2 GHz barabara, na upana ni asilimia 60. Walipitiliza hata lengo la awali la 2.5. Kutoka wati 10 hadi 8 ni bei waliyolipa, desibeli moja, na kwa upana ule naiona bei ya haki.

Kinachobaki mezani

Mtu atauliza kwa nini 60 hadi 70 na si 78.5. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye zile volti 4 zisizotumika. Ikiwa volti zinacheza kwenye 24 kati ya 28, zidisha 78.5 kwa 24 kugawanya kwa 28: unapata 67. Bado hujahesabu upotevu wa shaba na ubao, wala kwamba α hailingani kikamilifu kila mahali. Vipimo vya Cardiff vinakaa pale hesabu inapovitarajia.

Kilele cha volti ni suala zito zaidi. Kwa α ya 1, volti zinapaa hadi mara 2.91 ya volti za kulishia. Kutoka 28 unafika karibu 82. Transista za silikoni za LDMOS za volti 28, ambazo zilijaa kwenye minara wakati huo, kwa kawaida zina kikomo cha volti 65. Zingevunjika. Bila galiamu nitraidi daraja J la namna hii lingebaki kwenye karatasi.

Halafu kuna suala la minara yenyewe, na hapa lazima tuwe wakweli. Asilimia 60 hadi 70 ni ufanisi wa nguvu kamili. Ishara za kisasa za simu hazikai kwenye nguvu kamili. Zina vilele virefu na wastani ulio chini sana yake. Kwenye familia hii ya daraja B na J ufanisi unashuka pamoja na volti: ukishuka desibeli 6, volti zimekuwa nusu na ufanisi umekuwa nusu. Amplifaya ya asilimia 67 inakuwa ya 33. Dawa ya tatizo hilo ilitolewa na William Doherty wa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1936, kwa amplifaya mbili zinazosaidiana, na kinachofanyika sasa ni kuzipa amplifaya za Doherty mizigo ya harmoniki iliyopangwa kwa mawazo haya ya familia. Cardiff yenyewe iliendelea mwaka 2010 na familia kama hiyo ya daraja F.

Na kuna ukuta mmoja ambao hakuna kipimo kinachoweza kuuondoa. Ukingo wa chini wa amplifaya ya pili ni 1.4 GHz, na harmoniki yake ya pili ni 2.8. Ukingo wa juu ni 2.6. Kwenye 2.6 saketi inatakiwa iwe mzigo wa msingi, wenye ukinzani, unaopokea wati 8 na kuzipeleka antena. Kwenye 2.8 saketi hiyo hiyo inatakiwa iwe riaktansi tupu isiyopokea hata miliwati. Mageuzi hayo yote inabidi yafanyike ndani ya 200 MHz. Bendi ikifikia uwiano wa moja kwa mbili, nafasi hiyo inakwisha kabisa: masafa mamoja yanakuwa harmoniki ya ukingo mmoja na kuwa msingi wa ukingo mwingine, na saketi ya shaba haina njia ya kuyatofautisha.